Chupa Iliyokataa Kuchemka

Kwaru, kwaru, kwaru.

Wachimbaji waliokuwa wakielekea shimoni waliisikia sauti hiyo ikitoka kibandani.

“We Jilala, unapara sato humo?” Maduhu, mmoja wao, aliuliza dirishani.

“Pita zako!”

Jilala aliendelea kukwangua kipande cha magnesi kwa kisu mpaka kikang’aa. Mara mbili dawa aliyoichanganya ilikuwa imemgomea, ikakataa kuchemka. Mzungu mpima dhahabu alishasema waziwazi: leo ikichemka, Jilala atakuwa msaidizi wake, watengeneze manukato ya waridi. Isipochemka, kesho anashuka shimoni. Shimo lile lile lililomfukia baba yake.

“Adui wa dawa hii ni maji,” Mzungu alikuwa amemwonya. “Hata unyevu wa pumzi yako unaiua.”

Basi Jilala aliishi kama mtu anayewindwa na maji. Chupa ya kuchemshia aliikausha kwenye mchanga wa moto. Jasho alilifuta kabla halijadondoka. Etha, yenye harufu ya kulewesha, aliihifadhi katika chupa nyeusi, kizibo akakikaza mwenyewe.

Mama yake, Mageni, aliyefagia kibanda kila alfajiri, alikuwa bado mlangoni, akijifuta midomo kwa upindo wa kaniki. Alipiga miayo.

“Shikamoo, mayu. Mbona una usingizi?”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo nyeusi ndiyo moyo wa kazi, sivyo?”

“Ndiyo. Usinisemeshe sasa.”

Alitia magnesi, akamimina etha, akadondosha kimiminika cha bromobenzini, akatupia chembe ya iodini. Akangoja povu. Akaikumbatia chupa kwa viganja aipashe joto. Akazunguka meza. Akarudi. Akainama, sikio karibu na kioo.

Kimya. Rangi ya kahawia ya iodini, ambayo ingetoweka dawa ikiamka, ilibaki palepale.

Nje, viatu vya Mzungu vilikwaruza changarawe.

Jilala aliporomoka chini kama gunia lililokatwa kamba. “Nimekwisha, mayu.”

Mageni alichutama kando yake, akamshika bega.

“Hujaisha. Nitampigia Mzungu magoti akuongezee siku moja tu. Asubuhi zote hizi nimekuwa nikiifungua chupa yako nyeusi, namwita baba yako, naipulizia maji ya baraka kidogo tu. Kesho, nakuahidi, nitajaza kinywa.”