Dua ya Mwishoni

Ayan alibonyeza kitufe cha kompyuta, sauti ya marehemu baba yake ikajaa sebuleni kwao ughaibuni, mtaani Castle Vale. Mama tayari alikuwa amefungua viganja, maana mzee hakuwahi kumaliza ujumbe wa sauti kutoka Nairobi bila kuwaombea dua.

Sauti ikakatika katikati ya salamu.

Akafungua ujumbe mwingine. Nao ukakatika.

Ndipo akaelewa. Jumbe zote alizihifadhi mwenyewe kwenye hifadhidata aliyoiunda, kisha akazifuta simuni. Nafasi aliyotengea kila faili ilikuwa finyu. Hifadhidata ilipokea zote, ikakata kilichozidi kimyakimya.

"Mama..."

"Nyamaza kwanza, mwanangu," mama alisema, viganja bado wazi. "Dua ndiyo inakuja."