Sare ya Ijumaa

Somo la pili lilipoanza, Eseza alihisi unyevu kwenye benchi, akajua ni nini. Siku nyingine zote, shuleni kwao Jinja, Uganda, walivaa sare ya bluu. Ijumaa, kwa ajili ya michezo, walivaa nyeupe.

Mwalimu wa hesabu aliingia, fimbo kwapani. Darasa zima likasimama kumwamkia. Eseza peke yake alibaki amekaa, magoti ameyabana, mikono imeng'ang'ania ukingo wa dawati.

"Wewe! Simama!" mwalimu alifoka kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia akikasirika tu.

Hakusimama. Nyuma yake walikuwa wavulana tu. Dirisha lilikuwa na nondo, na mlangoni alisimama mwalimu.

"Una kiburi? Njoo hapa mbele."

Seema, waliyekaa naye dawati moja, aliinama kumsihi asimame, akaona doa jekundu. Seema hakuwahi kuchapwa tangu aanze shule. Alitoa mkobani chupa ya sharubati nyekundu aliyofungiwa na mama yake, akaifungua, akammiminia Eseza mapajani mpaka ikatiririka chini yake kwenye benchi. Iliyobaki akajimwagia mwenyewe.

"Samahani, mwalimu," alisema Seema. "Nimemchafua mwenzangu."

Wavulana wakaangua kicheko. Mwalimu alishusha fimbo kutoka kwapani.

"Tokeni nje, mkajisafishe! Mkirudi nitawachapa nyote wawili."

Seema alimshika Eseza mkono. Eseza akasimama.