Shemeji Aliyechoma Magongo

Moshi ulikuwa ukitoka nyuma ya nyumba, na haukuwa moshi wa jikoni. Nsajigwa alizunguka mbio, akakuta magongo ya chama chake yanaungua, lundo zima, na shemeji yake Hezroni amesimama kando akiyasukumia motoni kwa mguu.

Hezroni hakukimbia wala hakuomba radhi. Alikuwa mkalimani wa boma la Wajerumani, na watu wa boma hawakuwa na mazoea ya kuomba radhi.

"Wachezaji wako waambie warudi makwao wakalime," alisema.

"Mpunga umeshavunwa, shemeji. Walime nini?"

"Basi waende milimani kwa wajomba zao. Popote. Uache mchezo huu, Nsajigwa. Nakuomba."

"Nipe sababu."

Hezroni aliitazama njia ya bomani. "Mdomo wangu unakula bomani," alijibu, akaenda zake.

Neli, mke wa Nsajigwa, alikuwa mlangoni, mikono imejaa udongo wa kufinyangia. "Kaka yangu si mwendawazimu," alisema taratibu. "Mfuate, umuulize vizuri."

"Ana wivu tu huyo. Bomani wanamtuma kama punda, na mimi watu wananiita kwa heshima."

Mchezo huo wa mpira wa magongo Nsajigwa aliuona ng'ambo ya mto Songwe, alipokwenda kufanya kibarua kwa wamisheni wa Kiingereza. Aliporudi kwao Itungi watu walimcheka: wanaume wazima kukimbiza donge la ngozi kwa vijiti! Akavumilia. Akachonga magongo ya miti iliyojipinda, akashona mpira, akaweka sheria: gongo lisipite bega, na aliyelewa asiingie uwanjani. Msimu wa kwanza alipata wavuvi wachache. Wa pili, jirani zao wa Busale wakaunda timu yao, kisha wa Katumba Songwe. Watu ambao baba zao walisalimiana kwa mikuki sasa walikula ndizi chungu kimoja. Nsajigwa na Neli hawakujaliwa mtoto. Chama kile ndicho kitu pekee alichoweza kukinyooshea kidole akasema, hiki nimekizaa mimi.

Walichonga magongo mengine. Lakini Jumamosi iliyofuata Katumba Songwe hawakutokea. Alikuja nahodha wao tu, Aliko, vumbi mpaka magotini.

"Tuliambiwa mchezo umefutwa," alisema. "Halafu huko kwetu askari wamefunga vivuko vya mto. Hata kwa mjomba hatuvuki."

"Nani aliwaambia umefutwa?"

"Shemeji yako. Alikuja mwenyewe, kwa miguu."

Siku hiyo uvumilivu wa Nsajigwa ulikwisha. Alimkamata jogoo wake mkubwa, akaenda naye bomani.

Mzungu wa boma alimpokea akiwa mezani. Hezroni alisimama kati yao kutafsiri. Nsajigwa akaeleza kwa Kinyakyusa, kwa adabu zote: anaomba kibali timu zake tatu zicheze mbele ya Bwana, na mtu yeyote asizisumbue tena.

Hezroni akageukia meza, akatafsiri kwa Kiswahili. "Anasema ni mchezo wa watoto, Bwana. Watoto, na wagonjwa wagonjwa. Anaomba ruhusa auvunje."

Lakini Kiswahili Nsajigwa alikuwa amekijulia bandarini, akipakia kuni za meli. Damu ilimpanda kichwani.

"Uongo, Bwana!" alipaza sauti. "Ni wanaume watupu! Wanakimbia tangu jua linachomoza mpaka linazama, na hakuna anayekaa chini!"

Hezroni alifumba macho.

Mzungu aliweka kalamu yake mezani. "Wana nguvu?"

"Kama mafahali, Bwana."

"Basi waje wote Jumamosi. Mimi nitatoa ng'ombe wa kuchinja."

"Ndaga fijo, Bwana! Asante sana!"

Huko nje Hezroni alimshika mkono kwa nguvu. "Umefanya nini, ndugu yangu? Umefanya nini?"

"Nimekushinda," Nsajigwa alijibu, akajinasua.

Jumamosi uwanja ulifurika. Akina mama walikuja na vyungu vya ndizi, wazee wakaleta vigoda vyao. Mzungu aliketi kivulini, na ng'ombe aliyeahidi alikuwa amefungwa kweli pale pembeni. Busale walikuja pungufu, lakini walikuja. Hezroni hakuonekana, na Nsajigwa alimshukuru Mungu kwa hilo. Itungi walifunga bao, Katumba Songwe wakarudisha, vumbi likatimka, watu wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Nsajigwa alijikuta analia, akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Askari walipotokea pande zote za uwanja, alidhani nao wamekuja kutazama.

Mzungu alisimama. "Wote wamefika?"

"Wote, Bwana," Nsajigwa alisema, kifua mbele.

Mzungu akainua mkono. Askari wakaingia uwanjani na kamba.

"Kuna vita na Waingereza," Mzungu alisema, kwa sauti ileile aliyoahidia ng'ombe. "Hawa watabeba mizigo na risasi mpaka ng'ambo ya Songwe. Wewe baki. Mtu anayejua kukusanya watu anatufaa."

Akina mama walipiga mayowe. Aliko aliangushwa kifudifudi, akafungwa shingoni. Nsajigwa alikimbia huku na huku, akimshika askari huyu, akimlilia yule, mpaka akafika barabarani, ulikoanzia mstari wa waliofungwa. Neli alikuwa ameshafika pale, amepiga magoti mavumbini, akimfuta damu mtu wa kwanza kwenye kamba.

"Huyo tulimkamata alfajiri, njia ya Busale," alisema askari. "Alikuwa anawarudisha wachezaji wenu makwao."

Hezroni aliinua uso uliovimba, akamtazama shemeji yake.