Kishindo cha Kanga

Barazani walikuwapo Tembo aliyekuwa mwenyekiti, Kiboko, Nyati, Ngiri aliyekuwa mtunza ghala, na Kanga, ambaye si Kwale, ingawa wengi huwachanganya.

Nyati alitoa hoja kwamba ghala lisitoe tena posho kwa mama wanyonyeshao wala dawa kwa watoto wagonjwa. Kanga alisimama kupinga.

“Waheshimiwa, asiye na kitu amuuguze mwanawe kwa kitu gani?”

“Keti, bibi,” Kiboko alicheka. “Hayo mayai yote, ghala ndilo lililokutuma utage?”

Kura yao ilikuwa kukanyaga chini, na upande wenye kishindo kikubwa ndio ulioshinda. Kanga alikanyaga mpaka ukucha ukang'oka. Hakusikika.

Mvua zilipoanza, ndama wa Nyati, jina lake Sikudhani, alishikwa na homa. Nyati akakimbilia ghalani.

“Sheria ni yako, mheshimiwa,” Ngiri alimjibu.

Nyati akarudi barazani kuomba sheria ifutwe. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, na Kanga, akichechemea, akaja kukanyaga ubavuni pake. Tembo na Kiboko waliwazidi kishindo.

Sikudhani alikufa kabla baraza halijafungwa.