Gari Lililosimama Delhi

Dereva aliipita alama ya pili ya uwanja wa ndege bila hata kupunguza mwendo. Anarkul aliiona vizuri: picha ya ndege kwenye kibao cha buluu, mshale ukielekeza kulia. Gari likaenda kushoto.

"Baba Adilet," alinong'ona, "tumepitiliza."

"Nimeona."

Nurgazy, mumewe, alikuwa kocha wa mieleka kule kwao Karakol, shingo kama kisiki, masikio yameumuka kwa miaka ya kubanwa kwenye mkeka. Hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Lakini sasa sauti ilikuwa imemkauka, na hilo lilimtisha mkewe kuliko kile kibao.

Tamaa ndiyo iliyowaponza. Walikuwa wanarudi nyumbani kutoka Goa, siku kumi za bahari na samaki wa kukaanga, na hapa Delhi walitakiwa kungoja ndege ya Bishkek kwa saa saba. Nani atakaa saa saba kwenye kiti cha chuma? Anarkul akasema watoke waende mjini, waione ngome, wale kitu, wawanunulie mawifi bangili. Wakaiona, wakala, wakanunua. Walipokumbuka kuangalia saa, muda ulikuwa umewatupa mkono.

Wakakimbilia barabarani. Nurgazy akanyoosha mkono kama anavyofanya kila asubuhi kwao, na gari jeupe likasimama mbele yao, mengine mawili yakasimama nyuma yake. Wakajitupa ndani, yeye mbele, mkewe nyuma.

"Uwanja wa ndege! Haraka!" Nurgazy aliamuru. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno ya kuhesabika.

"Halina maandishi ya teksi hili," Anarkul alisema kwa Kikirgizi.

"Kwani nyumbani unapanda yenye maandishi? Mwezi jana si ulimlipa mwalimu wa hesabu akupeleke sokoni? Gari ni gari, mama Adilet."

Dereva alikuwa mtu wa makamo, masharubu yamechongwa, shati limenyooshwa vizuri. Hakuuliza wanalipa kiasi gani. Aliwatazama mara moja tu, akaondoa gari, kisha akagusa kidude sikioni na kuanza kusema na simu kwa sauti ya chini. Kihindi Anarkul hakukijua, lakini siku kumi za kubishana bei na wachuuzi zilikuwa zimemfundisha kuhesabu.

"Kasema 'wawili'," alimwambia mumewe. "Anamwambia mtu kwamba yuko na wawili."

 Mkono wa Nurgazy ulikuwa ndani ya koti, umeshikilia pasi zao za kusafiria.

Na sasa alama ya pili nayo imepita. Anarkul, aliyekuwa akifundisha Kiingereza darasa la tatu, akajikaza.

"Samahani, bwana. Uwanja ni kule tulikotoka."

"Hii njia ya mkato, mama," dereva alisema bila kugeuka. "Kaeni tu kwa utulivu, tafadhali. Msifanye lolote. Mtafika."

Kipoza hewa kilikuwa kinapuliza baridi, lakini jasho lilimtiririka yule mtu mpaka kwenye kola.  Anarkul aliwahi kusikia habari za watalii waliookotwa wakiwa na kovu ubavuni.

"Wanachukua figo," alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

"Zako hizo zenye vijiwe? Watazirudisha wenyewe." Nurgazy alijaribu kucheka, akashindwa.

Kwenye makutano alisimama askari wa barabarani. Anarkul akainua mkono agonge kioo.

"Usithubutu," mumewe akamkataza. "Unamwona dereva anavyomkodolea macho yule askari? Akishtuka hatujui atatoa nini."

Askari akabaki nyuma. Dereva akavua saa yake ya mkononi taratibu, akaiweka mbele yao, karibu na kioo.  Nurgazy alimjua mwanamume anayevua saa. Alikuwa amewaona wengi, wote kabla ya ngumi.

Adilet wao alikuwa na miaka saba. Alikuwa kwa bibi yake, anahesabu siku. Anarkul aliwaza ni nani atakayemwambia, na kwa maneno gani.

"Mwambie asimame," alilia. "Mwambie, baba Adilet!"

Nurgazy akamkamata yule mtu bega kwa kiganja chake kizima. "Simama!"

Dereva alitoa mguno kama mtu aliyechomwa, akakanyaga mafuta. Gari likaruka, likakata kona, likaingia kwenye geti lililokuwa wazi na kufunga breki katikati ya ua. Watu waliovaa kaki wakatoka mbio kila upande, bunduki mikononi.

Anarkul akasoma kibao. Hakuamini. Akasoma tena.

"Polisi!" alipiga kelele. "Ni kituo cha polisi!"

"Kapotea njia, mshenzi!" Nurgazy akapiga paja kwa furaha. "Kajileta mwenyewe!"

Anarkul aliusukuma mlango, akamkimbilia inspekta akiwa amenyoosha mikono yote miwili. "Tusaidieni! Huyu mtu anataka kutuua!"

Inspekta alimpita kana kwamba hakumsikia. Alifungua mlango wa dereva, akamshika yule mtu mkono kwa upole.

"Pole sana, daktari. Shuka polepole. Umeshaokoka."

Nurgazy alijikuta anatazamana na mitutu sita.

"Mimi nilisimama taa nyekundu tu, Inspekta," dereva alisema, na kilio kikamshinda. "Taa nyekundu tu, wakafungua milango wakaingia!"