Chai ya Gizani

Kila Jumapili Milcah huketi jikoni kwake Norsborg, Uswidi, akinywa chai kwenye simu ya video pamoja na dada yake mkubwa aliye Seattle. Leo, dada alipoinamia kikombe, mkanda wa kiti cha gari ulionekana nyuma yake.

"Unalala humo?"

"Kodi ilipanda, mshahara ukabaki pale pale." Dada aliiweka sawa kola ya sare yake ya kazi ya kutunza wazee. Ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka, Mungu ndiye anayejua wapi. "Kazini sijachelewa hata mara moja. Mama asijue."

Mara mama yao akaingia kwenye simu kutoka Kapsabet. "Mbona wewe uko gizani?" akamuuliza dada.



Milcah akanyoosha mkono, akazima taa ya jikoni.

"Hata mimi, Mama. Leo tunakunywa chai gizani."