Namba Arobaini Mpaka Mkaratusini

"Nimesema sita."

"Umesema tisa, Mama Gervasi. Nina masikio mawili na yote yanafanya kazi."

"Basi moja lina nta."

Rogathe alikuwa juu ya mteremko, chini ya mkaratusi, simu mkononi. Marieta, ndiye huyo Mama Gervasi, alisimama katikati ya mteremko mbele ya zizi lake, mikono kiunoni. Chini kabisa, Mwalimu Yohanes alikuwa ametoa kichwa dirishani. Mwalimu anasoma namba, Marieta anapaza, Rogathe anabonyeza. Kijiji kizima cha Maretadu kilishazoea kelele hizo.

Simu ikajibu kwa sauti ile ile ya binti wa mashine: namba uliyoingiza si sahihi.

Kompyuta ya Mwalimu ilikufa wiki iliyopita. Fundi wa mjini Mbulu akafuta kila kitu, akapiga Windows upya, akairudisha inang'aa, ila programu ya kuchapia kadi ikagoma. Mwalimu ni mstaafu, kadi za harusi ndizo zinazomlisha, na leseni aliinunua kihalali. Risiti ameibandika ukutani kando ya kalenda ya parokia. Programu haikujali. Ilimkana kama mbwa anayembwekea mwenye nyumba. Ilitaka kampuni ipigiwe simu na kupewa namba arobaini zilizo kwenye kioo. Sasa mtandao unashika mkaratusini tu, umeme uko bondeni tu, na namba zenyewe zinabadilika kila dakika kumi. Ukiziandika kwenye karatasi, mpaka ufike juu zimeshaoza.

Na humo ndani ndimo zilimokwama kadi za Letisia, binti pekee wa Rogathe. Kadi mia mbili. Leo Ijumaa, na basi la kuzipeleka Katesh na Babati linaondoka kesho alfajiri. Zikilikosa, wakwe watakuja kukuta ukumbi una viti na maua tu.

Lakini kilichomchoma Rogathe zaidi ni huyo wa katikati. Zamani waliazimana chumvi, siri, hata viatu vya kanisani. Kisha ndama wa Marieta akala matuta mawili ya maharage ya Rogathe, na Marieta, badala ya kusema pole, akasema, "Weka uzio." Mwaka na miezi miwili hawakusalimiana. Jina la Marieta halikuwemo kwenye orodha ya waalikwa, na kijiji kizima kilijua, maana Rogathe mwenyewe alihakikisha kimejua. Mwalimu ndiye aliyeshikilia kwamba bila Marieta namba hazifiki. Na kweli, akiita kuku wake, kuku wa ng'ambo ya korongo nao wanakuja.

Jumatatu walijaribu mara sita. Jumanne mara nane. Jumatano walipumzika; Mwalimu alionekana kwenye bodaboda amepakata kitu kimefungwa blanketi, watu wakasema anapeleka mbuzi mnadani. Alhamisi wakaanza tena. Na leo, tena.

"Lete kundi la tatu," Rogathe akapaza.

"Moja, saba, saba, mbili. Mbili kama meno ya shemeji yako."

Rogathe akacheka kabla hajajizuia, kisha akakasirika kwa kucheka. Kundi la nne. La tano. Kidole kikasimama hewani.

"Mama Gervasi. Hizi ni namba za jana."

"Namba ni namba."

"Zinabadilika kila dakika kumi. Za jana zimerudije?"

Marieta akageuka kutazama ng'ombe wake. "Labda zimezunguka zikaisha."

Rogathe akakata simu na kuanza kuteremka. Kila hatua ilimfungua macho. Kumbe ndivyo. Mwalimu anasoma zake, huyu anapaza za kwake. Siku zote hizi Letisia analia chumbani, kumbe kadi zimeshikwa na mtu wa maharage.

Marieta akamkinga njiani. "Rudi juu. Huku simu haishiki."

"Nipishe."

"Subiri hata nusu saa. Nikuletee maziwa upoze koo."

"Maziwa ya nani? Ya mama wa yule ndama?" Rogathe akamzunguka kama mtu anavyozunguka kisiki. "Leo Mwalimu atamjua anayemharibia kazi."

Marieta akamfuata mbio, kanga ikimponyoka, akipaza kwa sauti yake yote kwamba Mama Letisia anashuka.

Rogathe akasukuma mlango bila hodi. 

Mwalimu hakuwa kwenye kompyuta; ilikuwa imezimwa, na kando yake limekunjwa lile blanketi la Jumatano. Alikuwa jikoni, mwiko mkononi, risiti mbili za zamani za umeme wa LUKU, kila moja na namba zake ishirini, zikichungulia mfukoni mwa shati. Mezani palikuwa na sahani tatu. Kando ya sahani, boksi limejaa kadi, zimefungwa kwa mipira kumi kumi, jina la Letisia juu ya kila moja.

Mwalimu hakumtazama Rogathe. Alimtazama Marieta, aliyekuwa mlangoni akihema.

"Si tulikubaliana utamshika huko juu mpaka saa nane? Jogoo hajaiva."

"Nimemshika nilivyoweza, Mwalimu." Marieta akapita ndani, akavuta kiti, akakifuta kwa pindo la kanga. "Karibu ukae, Mama Letisia. Tutaanza na mchuzi."